Paka Anakuamsha Saa Ngapi? Kuzitenganisha Sababu za Usumbufu wa Usiku

Watu wanaoishi na paka huwa na lalamiko moja, kwamba paka hawaachi walale, na lalamiko hilo huchanganya mambo yasiyohusiana. Paka anayetimua mbio kutoka chumba kimoja hadi kingine saa 5 usiku, paka anayemgusa mtu kope saa 11 alfajiri, paka anayejilaza kati ya miguu mpaka mwenye kitanda anashindwa kugeuka, na paka mzee anayelia peke yake ukumbini usiku wa manane, wote huitwa wasumbufu, ilhali kila mmoja ana sababu yake, na dawa inayomfaa mmoja yaweza kumzidishia mwingine tatizo. Ndiyo maana ushauri ambao watu hupeana kuhusu jambo hili hupingana sana: mmoja husema mlishe kabla ya kulala, mwingine husema usimlishe usiku kabisa, wa tatu husema mfungie nje ya chumba, na huenda wote watatu wanasema kweli kuhusu paka wao.

Swali la kwanza, basi, ni la saa. Kwa wiki moja hivi weka karatasi kando ya kitanda, uandike saa uliyoamshwa, paka alikuwa akifanya nini, na wewe ulifanya nini baada ya kuamka. Safu ya tatu ndiyo ambayo wengi huiacha wazi, na mara nyingi ndiyo inayobeba jibu.

Mnyama wa utusitusi

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na kwa kawaida huupata kwa mkupuo mmoja uliogawanyika katika mizunguko ya takriban dakika 90. Mizunguko ya mwanzo imejaa usingizi mzito, ule ambao mtu akiamshwa humchukua muda kujua yuko wapi. Mizunguko ya mwisho, inayoangukia alfajiri, imejaa usingizi mwepesi na usingizi wa ndoto. Mtu aliyelala saa 5 usiku akaamshwa saa 10 alfajiri hupokonywa sehemu kubwa ya usingizi wake wa ndoto, na hata akirudi kujilaza, mara nyingi huishia kwenye mang'amung'amu mpaka kengele ya saa inapolia.

Paka naye hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, lakini kwa vipande vifupi vilivyosambaa mchana na usiku, na vingi kati ya vipande hivyo ni usingizi wa juu juu ambao masikio huendelea kugeuka kufuata sauti. Wengi huamini kwamba paka ni mnyama wa usiku. Hasa hasa ni mnyama wa utusitusi: pilikapilika zake hupanda wakati wa magharibi na wakati wa alfajiri. Asili ya paka wa nyumbani ni paka-mwitu anayeitwa kitaalamu Felis lybica, aliyeanza kuzoeana na binadamu takriban miaka 10,000 iliyopita huko Mashariki ya Kati, ambako wakulima wa kwanza walihifadhi nafaka, na nafaka ikawavuta panya. Panya hutoka mashimoni mwanga unapofifia na kabla haujakolea, na mwili wa paka umeumbwa kwa saa hizo. Macho yake yanatosheka na takriban moja ya sita ya mwanga tunaouhitaji sisi, na masikio yake husikia sauti nyembamba za zaidi ya hezi 60,000, ilhali yetu hukomea hezi 20,000. Mchakacho mdogo nyuma ya ukuta, ambao wewe huwezi kuusikia kamwe, unatosha kumwinua.

Kwa hiyo ratiba ya paka na ratiba ya mtu hugongana kwenye kingo mbili za usiku: pale tunapojiandaa kulala, na pale tunapokuwa kwenye ndoto za mwisho. Katikati ya usiku, paka mwenye afya aliyezoea mwenendo wa nyumba hulala kama wengine. Jambo hili lina maana kubwa katika kusoma ile karatasi yako. Ikiwa unaamshwa saa 5 usiku au saa 11 alfajiri, unashughulika na maumbile na mazoea. Ikiwa unaamshwa saa 8 usiku, kila siku, na paka aliyekuwa akilala vizuri mwaka jana, tafuta sababu nyingine, na nitaieleza mwishoni.

Alfajiri, na nani anamfundisha nani

Usumbufu wa alfajiri ndio unaolalamikiwa zaidi, na ndio unaoeleweka vibaya zaidi, kwa hiyo tuutazame kwa karibu. Paka hupanda kitandani taratibu, akaketi karibu na mto, akatazama uso wa aliyelala. Bado hajalia. Pumzi ikibadilika kidogo, au kope ikicheza, husogea, akanyoosha mkono mmoja huku kucha zikiwa zimefichwa, akagusa mdomo au shavu. Asipopata kitu huhamia kwenye meza ndogo ya kando ya kitanda, akaisukuma kalamu hadi ukingoni, akasimama, akamtazama mtu, akaisukuma tena. Kalamu ikianguka bila jibu, zamu ya miwani hufika. Anayetazama haya akiwa na usingizi machoni huapa kwamba ni ukorofi uliopangwa. Kilichoko pale ni mfululizo wa mbinu zilizokwisha kujaribiwa, na ile anayoing'ang'ania hadi mwisho ni ile ambayo siku moja ilikutoa kitandani.

Jambo hili lilichunguzwa kwa paka wenyewe zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka 1898 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichapisha matokeo ya majaribio ambayo aliwafungia paka wenye njaa ndani ya visanduku, chakula kikiwa nje. Paka alihangaika: akakwaruza, akalia, akajipenyeza kwenye nafasi za mbao, hadi kwa bahati akaligusa komeo na mlango ukafunguka. Aliporudishwa tena na tena, vitendo visivyo na faida vilipungua, na muda wa kutoka ukazidi kuwa mfupi. Paka hakuhitaji kuelewa jinsi komeo linavyofanya kazi. Ilitosha kwamba kitendo fulani kilifuatwa na chakula. Chumbani kwako wewe ndiye komeo.

Tuseme paka amegusa shavu saa 10 na nusu. Unaamka, unamwekea chakula kidogo ili anyamaze, unarudi kulala. Kwa upande wako umenunua utulivu wa usiku mmoja. Kwa upande wake, kugusa shavu kumezaa chakula, na kesho ataanza hapo hapo, pengine mapema kidogo, kwa sababu mwili wake umeanza kukitarajia chakula kwa saa ile. Wanyama wengi wanaolishwa kwa ratiba huanza kuhangaika kabla ya saa ya kula kufika, na hivyo saa ya kuamshwa hurudi nyuma polepole, kutoka saa 11 hadi saa 10 na nusu, kutoka saa 10 na nusu hadi saa 10. Mazoea yana tabu, na haya umeyajenga wewe kwa mikono yako, kijiko cha chakula kikiwa mkononi.

Sauti anayotumia nayo ina nguvu yake. Mwaka 2009 Karen McComb na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, nchini Uingereza, walionyesha kwamba baadhi ya paka wanapoomba chakula huingiza ndani ya ule mkoromo wao mwororo wa kooni kilio chembamba, chenye masafa yanayokaribia ya kilio cha mtoto mchanga. Waliosikilizishwa sauti hizo, hata wale ambao hawajawahi kufuga paka, waliziona ni za dharura zaidi na zisizopendeza kuliko mkoromo wa kawaida. Mtu anayeona haya kwamba anashindwa na mnyama wa kilo 4 ajue kwamba sauti hiyo inagusa mahali ambapo kupuuza ni vigumu kwa binadamu yeyote.

Wengi hufikia uamuzi wa kumpuuza, na uamuzi ni mzuri, ila huharibiwa na namna mbili. Namna ya kwanza ni kuvumilia kwa siku kadhaa kisha kusalimu amri siku ya kuchoka. B. F. Skinner, mwanasaikolojia aliyefanya kazi na njiwa na panya katika karne ya 20, alibainisha kwamba kitendo kinacholipwa mara moja moja, bila mpangilio, hudumu muda mrefu kuliko kile kinacholipwa kila mara. Anayesalimu amri mara moja baada ya siku 10 za kukaza moyo amemfundisha paka wake uvumilivu, na huenda ingekuwa afadhali asingeanza. Namna ya pili ni kutojua kwamba mambo huwa mabaya zaidi kabla ya kutengemaa. Malipo yanapokatika, mnyama huongeza juhudi: kilio hurefuka, vitu vingi zaidi huanguka, mlango hukwaruzwa. Wakati huo ndio watu husema njia imeshindwa, ilhali ni dalili kwamba paka ameona mabadiliko. Kabla ya kuanza, toa mezani kila kinachovunjika, waarifu unaolala nao, na uchague kipindi ambacho kukosa usingizi kwa siku chache hakutakuharibia kazi.

Kumpigia kelele, kumrushia mto au kummwagia maji hakusaidii. Paka aliyekuwa akitaka uamke ameshakuamsha, na kelele zako ni jibu; yule mwoga huanza kukuogopa wewe badala ya kuogopa kitendo.

Kwa maoni yangu, hatua yenye manufaa kuliko zote ni kukitenga chakula cha asubuhi na kuamka kwako, ili kufunguka kwa macho yako kusiwe na maana yoyote kwa tumbo la paka. Wenye uwezo hutumia chombo cha kulishia chenye saa, kinachojifungua chenyewe. Kiwekwe mbali na chumba cha kulala, na mwanzoni kitegwe kifunguke dakika chache kabla ya saa ambayo paka amezoea kukuamsha, kisha saa hiyo isogezwe mbele dakika 10 au 15 kila baada ya siku chache, hadi ifike unapotaka. Baada ya muda paka huacha kuulinda uso wako akaenda kukilinda chombo. Asiye na chombo afanye hivi: akiamka asiende jikoni. Anawe, atandike kitanda, avae, ashughulike na mambo mengine kwa nusu saa, ndipo amlishe. Jambo hili huonekana dogo mno kuwa dawa, lakini ndilo linalokata uzi kati ya kope na bakuli. Na lifanywe hata siku za mapumziko, kwa kuwa tumbo la paka halina Jumapili.

Saidia pia kwa upande wa tumbo lenyewe. Paka anayejitafutia hula mawindo madogo mengi. Panya mdogo mmoja humpa nguvu kidogo sana, na kwa siku huhitaji 8 hadi 10 hivi. Kumlisha mara 2 tu, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, kunaacha pengo la saa 12 ambalo huishia alfajiri, palepale maumbile yanapomwamsha awinde. Kigawe chakula kilekile cha siku katika milo 4 au 5, na mlo wa mwisho, ulio mkubwa kidogo, uwe unapokaribia kulala. Nasema kilekile kwa sababu wengi huongeza mlo wa usiku bila kupunguza ya mchana, na baada ya miezi wana paka mnene anayeamsha watu vilevile.

Mwanga wa mapambazuko na ndege wanaolia dirishani humalizia kazi. Pazia zito huondoa vyote viwili kwa kiasi, na huwafaa pia wanaolala.

Mbio za saa 5 usiku

Paka anayeishi ndani, ambaye watu wake hutoka asubuhi na kurudi jioni, huwa amelala karibu mchana kutwa kwa sababu hakuna kinachotokea. Watu wanaporudi wamechoka, yeye ndiyo kwanza anaamka. Nguvu ambazo mwituni zingetumika kunyemelea, kukosa, na kunyemelea tena, humtoka zote kwa dakika chache, akipanda kochi, akiteremka, akigonga mlango wa kabati.

Mpe windo kabla hajajitengenezea. Dakika 10 hadi 15 za mchezo wa kweli, kabla ya mlo wa mwisho, hubadilisha usiku kuliko watu wanavyodhani, mradi mchezo uchezwe kwa kanuni za windo. Kosa la kawaida ni kumpungia paka kijiti chenye manyoya usoni. Hakuna ndege anayemwendea paka mdomoni. Liburute windo hilo la manyoya sakafuni likitoka kwake kuelekea nyuma ya mguu wa meza. Lisimamishe. Lifiche nusu yake chini ya ukingo wa pazia, ulitikise kidogo, usimamishe tena. Paka atashusha kifua hadi kigusane na sakafu, mboni zitapanuka, makalio yatachezacheza, na kisha ataruka. Mwache akamate mara kadhaa, alibane kwa miguu ya nyuma, aling'ate. Punguza kasi taratibu kuelekea mwisho, umpe ukamataji wa mwisho, halafu mlishe papo hapo. Paka akisha kuwinda, akala, hujilamba, na akisha kujilamba hulala. Mpangilio huo haufundishwi, amezaliwa nao, na wewe unachofanya ni kuusogeza uangukie saa yako.

Nuru ya leza inayokimbia ukutani huchosha miguu, lakini hakuna kinachokamatika, na paka wengine hubaki wakiwa na wahaka, wakiitafuta nuru iliyotoweka. Ukiitumia, imalizie juu ya kipande cha chakula au kichezeo anachoweza kukishika. Usicheze naye kwa vidole, hasa akiwa mdogo, kwa kuwa anayefundishwa kwamba mkono ni windo hataona tofauti kati ya mkono na kidole cha mguu kinachosogea chini ya shuka. Na kabla ya kuzima taa, kusanya nyuzi, riboni na vijiti vyenye kamba uvifungie: uzi uliomezwa unaweza kuukunja utumbo na kuukata, na matibabu yake ni upasuaji.

Watoto wa paka na vijana wa mwaka mmoja au miwili watakuwa na mbio hizi hata ufanye nini, kwa kiasi kidogo. Hilo hupungua kwa umri, na subira ndiyo dawa yake.

Kitanda chenyewe

Je, paka alale nawe au asilale? Mwaka 2015 watafiti wa Mayo Clinic huko Arizona, Marekani, walichapisha matokeo ya mahojiano na wagonjwa 150 wa kituo chao cha matibabu ya usingizi. Karibu nusu yao walifuga wanyama, na zaidi ya nusu ya wafugaji hao waliwaruhusu wanyama walale chumbani au kitandani. Waliosema wanyama wao huwakatiza usingizi walikuwa asilimia 20 ya wafugaji, na asilimia 41 walisema hawawasumbui au hata huwafaa. Hayo ni maoni ya watu kuhusu usingizi wao wenyewe, na mtu aliyelala hahesabu vizuri mara alizozindukana, lakini yanatosha kuonyesha kwamba hakuna sheria moja ya kumpa kila mtu. Utulivu wa kuhisi pumzi za kiumbe kando yako ni faida halisi kwa baadhi ya watu, na daktari anayewaamuru wote wamtoe paka nje anapuuza faida hiyo.

Sababu kuu ya paka kujibana kwako ni joto. Joto la mwili wake ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi, na mazingira ambayo mwili wake haulazimiki kufanya kazi ya kujipasha ni ya nyuzi 30 na kuendelea, yaani chumba ambacho wewe ungekiona cha moto. Kila chumba kinapopoa usiku, wewe ndiwe jiko la pekee. Kwa hiyo kumsukuma hakusaidii, atarudi. Kinachosaidia ni kumpa mahali pa joto kuliko mwili wako. Kikapu chenye blanketi la manyoya, kilichoinuliwa juu ya sakafu mahali ambapo ataona mlango, huwavuta wengi, na zaidi kikiwa na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa. Wengine hukubali kulala kitandani lakini upande wa miguuni, ikiwa blanketi lake mwenyewe limetandikwa hapo kila usiku bila kukosa. Anayelala katikati ya miguu yako mwondoe taratibu, bila maneno na bila kumpapasa, umweke kwenye blanketi lake, ukimpapasa umemlipa.

Kufunga mlango ni uamuzi halali, na hauhitaji kuombewa radhi. Hufaulu zaidi ukichukuliwa mwanzoni, paka anapoingia nyumbani, kuliko baada ya miaka ya kulala naye. Kwa paka aliyezoea, tarajia siku za kukwaruza na kulia, na masharti ni yaleyale ya alfajiri: mlango ukifungwa leo na kufunguliwa kesho kwa sababu amelia, kilio ndicho kitakuwa ufunguo. Upande atakaobaki uwe na maji, mchanga wa kujisaidia, mahali pa joto na mahali pa kupanda juu. Kama chombo cha kulishia kipo, kiwe mwisho wa nyumba, mbali na mlango huo.

Paka wawili wanaokimbizana usiku wanaweza kuwa wanacheza, au mmoja anamzuia mwenzake kufika kwenye bakuli au mchanga. Anayecheza hubadilishana zamu na mwenzake na hakai kimya akimkodolea macho njiani. Kanuni inayotajwa na wataalamu wa tabia za paka ni masanduku ya mchanga sawa na idadi ya paka na moja la ziada, yasipangwe yote mahali pamoja. Usiweke mchanga chumbani unapolala ukiweza kuepuka; kufukua kwa saa 9 usiku kunasikika kuliko unavyofikiri.

Anayeamka na pua iliyoziba, macho yanayowasha au kifua kinachobana asidhani ni kelele ndizo zinazomchosha. Mzio wa paka husababishwa hasa na protini iitwayo Fel d 1, iliyomo kwenye mate na mafuta ya ngozi yake, ambayo hukauka kwenye manyoya na kuelea hewani kwa muda mrefu. Kwa mtu huyo chumba cha kulala kisikanyagwe na paka kabisa, mashuka yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60, na kichujio kizuri cha hewa kitasaidia. Mtoto mchanga naye asilale kitanda kimoja na paka, hata paka mpole. Uzito wa kilo 4 kando ya uso usioweza kugeuka ni hatari ya kutosha.

Kilio kisichotokana na mazoea

Yote niliyosema kuhusu kupuuza yanamhusu paka mwenye afya. Kabla ya kuanza kumpuuza, ondoa sababu hizi, kwa kuwa hakuna mpangilio wa chakula utakaozitibu.

Paka jike ambaye hajafungwa kizazi anaweza kuingia joto akiwa na miezi 4 tu. Atalia kwa sauti nzito ndefu usiku kucha, ajiviringishe sakafuni, ainue makalio, na asipopandwa hali hiyo itadumu wiki moja hivi kisha irudi baada ya wiki 2 au 3. Dume aliyezisikia sauti hizo au kunusa harufu, naye atalia mlangoni na kunyunyiza mkojo. Kwa wote wawili, upasuaji wa kufunga kizazi au kuhasi ndio unaomaliza jambo.

Paka mwenye umri wa miaka 10 na kuendelea aliyeanza kulia usiku wa manane apelekwe kwa daktari wa mifugo. Tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi humfanya asitulie, ale sana na bado akonde. Shinikizo la damu na ugonjwa wa figo huja nayo au peke yake. Maumivu ya viungo humzuia kupata mkao wa kulala. Wengine, akili inapochakaa, husahau mpangilio wa nyumba, wakasimama gizani ukumbini wakiita. Kwa hao taa hafifu ya usiku na kuviacha vitu vilipozoea kuwa hupunguza hofu, lakini tezi na damu zipimwe kwanza, kwa sababu hizo zina dawa. Mtu asimpe paka dawa zake mwenyewe ili alale au apoe maumivu: parasetamoli, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuivunja.

Liko kundi moja ambalo halingoji asubuhi. Paka, hasa dume, anayeingia kwenye mchanga mara kwa mara, anachuchumaa kwa muda mrefu, analia, na mkojo hautoki au hutoka matone, anaweza kuwa ameziba njia ya mkojo. Huanza kwa kulia na kujilamba chini ya tumbo, kisha hutapika, kisha hunyamaza, na kunyamaza huko hudhaniwa kuwa nafuu. Sumu hupanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama ndani ya siku chache. Ukisikia kilio kikitoka upande wa sanduku la mchanga, hata kama umeapa kutoinuka kwa ajili ya paka huyo mwezi mzima, washa taa uende ukautazame mchanga. Ukiwa mkavu, tafuta daktari usiku huohuo.